Kabati la Hisabati la Abla Inshirah

Naomba radhi kwa kuivunja itifaki kidogo. Kabla sijamsalimu mtu kwa cheo chake, nataka niwakumbushe sauti moja. Ni sauti ya nailoni, ile nyembamba inayofungiwa vitu vipya dukani, inayolia chakarachakara ukiigusa. Niliisikia siku yangu ya kwanza katika shule hii, ndani ya chumba cha walimu, Abla Inshirah alipofungua kabati la chuma lililo nyuma ya mlango. Alitoa sanduku la michemraba ya rangi, akanionyesha, kisha akalirudisha. Sanduku lile lilifika hapa mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Nailoni yake ilikuwa ingali inalia kama imetoka dukani jana. Sauti hiyo nililala nayo, nikaamka nayo.

Sasa nisalimu. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa wilaya yetu, Ustadhi Hamdi, uliyekubali kuja mpaka Kafr al-Nuwayri siku ya Alhamisi, siku ambayo kila mwenye kazi ana haraka ya kurudi kwao, Ustadhi Shawqi, Mkaguzi wa Hisabati, ambaye wasichana wetu huutambua mkoba wake kabla hawajaiona sura yake, Mwalimu Mkuu wetu, Hajati Thurayya, walimu wenzangu, wazazi wetu, wasichana mlioketi juani kwa sababu kivuli wamekimaliza wakubwa, na wewe, Abla Inshirah, mwenye siku hii, unayestaafu leo: amani iwe juu yenu, na rehema za Mungu na baraka zake.

Mimi naitwa Shuruq, Abla Shuruq kwa wasichana, maana kwetu kila mwalimu wa kike huitwa Abla. Ninafundisha hisabati katika shule hii ya kati ya wasichana, na mimi ndiye mdogo kuliko wote katika chumba cha walimu. Nadhani nilichaguliwa kusema kwa sababu hiyo. Mdogo hutarajiwa kusifu na kuketi. Sifa ninazo, tena nyingi, lakini sifa za Abla Inshirah haziwezi kusemwa bila kulisema kabati lake, kwa maana maisha yake yote ya kazi ameyapitisha kati ya ubao na kabati hilo.

Wakubwa wote hapa tunajua dhamana ni nini. Wasichana hawajui, basi niwaeleze. Kifaa cha serikali kinapofika shuleni, lazima mwalimu mmoja atie sahihi kwamba amekipokea. Tangu siku hiyo kifaa hicho ni dhamana yake. Kikivunjika, ataulizwa yeye. Kikipotea, ataulizwa yeye. Kikikaa kabatini mpaka rangi yake ikapauka na hakuna mtoto aliyekishika, hataulizwa na mtu. Sasa niambieni, wenzangu: mwenye akili timamu, mwenye watoto nyumbani na cheo anachokitarajia, atakiweka wapi kifaa hicho?

Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa mjini kwenye mafunzo ya walimu wa hisabati. Nilikwenda kwa furaha. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye suti ya buluu na adabu nyingi. Akatuonyesha ukutani, kwa projekta, picha za mikono ya watoto ikipanga vipande vya mbao: mraba mkubwa, kijiti kirefu, kimraba kidogo. Kile kijiti kirefu ndiyo namba tusiyoijua, kile kimraba ni moja. Mtoto anavipanga mpaka vinakuwa mstatili, na hesabu ya aljebra imekwisha mikononi mwake kabla haijafika kichwani. Nilisahau hata kuandika. Nyuma yangu alikuwa ameketi mama mmoja, mwalimu kutoka vijiji vya upande wa pili wa mfereji. Akainua mkono.

"Mwanangu, hivyo vipande tunavipata wapi?"

"Viko shuleni kwenu, mama. Viligawiwa zamani."

"Shuleni kwetu?"

"Kila shule, mama."

"Basi kwetu vimeolewa," akasema yule mama, "na mume ana wivu, maana sijaviona vikitoka nje."

Ukumbi mzima ukacheka, na mkufunzi naye akacheka, kisha akabonyeza, ikaja picha nyingine. Nami nilicheka. Lakini njiani, nikirudi, kicheko kilinikauka. Tulikuwa tumefundishwa kutumia vitu kwa kutazama picha zake, na sisi tungerudi kuwafundisha watoto kwa kuwachorea picha za picha hizo. Hivi mtu hufundishwa kuogelea akiwa juu ya mkeka?

Kesho yake nilimwendea Abla Inshirah. Alikuwa ana kipindi cha mapumziko, anachambua mlenda pamoja na walimu wengine, kama mnavyojua desturi ya chumba chetu: madaftari upande huu wa meza, mlenda upande ule.

"Abla, sisi tuna vipande vya aljebra?"

"Tunavyo."

"Viko wapi?"

"Kwenye dhamana."

"Naweza kuvipeleka darasani?"

Hakuinua macho. "Kaa hapa uchambue na sisi," akasema. "Wewe una mkataba wa mwaka mmoja, Shuruq. Unataka upate wa pili, au umechoka nasi mapema hivi?"

Nikakaa. Na huku tukichambua akanieleza habari ya Abla Afaf. Ameniruhusu niisimulie leo. Abla Afaf alikuwa rafiki yake, waliajiriwa katika mwaka ule ule. Alikuwa mwalimu wa kupenda kelele za darasani. Siku moja aliwapa wasichana ile bikari kubwa ya mbao, bikari ya ubaoni, wachore duara uani kwa chaki, duara la kutosha wote kusimama juu yake, ili waone kwamba kila mmoja yuko mbali na katikati sawasawa na mwenzake. Duara lilichorwa. Wasichana walisimama. Mguu mmoja wa bikari ukavunjika. Abla Afaf akaitwa idara ya sheria, akahojiwa. Waliuliza nani alimruhusu kuitoa nje. Waliuliza kwa nini haikukaa mahali pake. Alipotaka kueleza habari ya duara, akaambiwa ajibu alichoulizwa. Akahamishwa shule ya mbali, na baada ya muda mfupi akaacha kazi.

"Hakuna aliyeuliza kama wasichana walielewa," Abla Inshirah akaniambia. "Na walielewa, Shuruq. Wamo humu kijijini, ni mabibi wenye wajukuu sasa. Ukiwauliza duara ni nini watakujibu. Lakini mimi nilitoka pale nimeelewa jambo jingine."

Ndugu wageni, nasema haya kwa utulivu, wala simnyooshei mtu kidole. Waliomhoji Abla Afaf walifuata kanuni, na huenda wenyewe walikuwa na dhamana zao za kuogopea. Hofu haihitaji mtu mbaya ili iendelee. Inapokezwa kama ufunguo, kutoka kiganja hiki kwenda kiganja kile, na kila anayeipokea anaona anafanya jambo la busara.

Basi kabati likawa linafunguliwa siku ya ukaguzi tu. Ustadhi Shawqi, tunakuheshimu, na unajua hili kuliko sisi. Siku ya mkoba wako vifaa vilipangwa mezani kama keki za arusi, na wasichana wakaelezwa tangu asubuhi waketi vipi. Msichana mmoja wa darasa langu, Rudayna, yule pale, usijifiche nyuma ya mwenzako, alimwuliza Abla Inshirah kwa sauti ya kunong'ona ambayo hata wewe uliisikia:

"Abla, tunaruhusiwa kugusa?"

Naye Abla akamjibu: "Gusa kwa macho, kipenzi changu."

Ukaandika kwamba vifaa vipo na vimetunzwa vizuri. Ulisema kweli. Hukuulizwa zaidi ya hayo, nasi hatukukwambia zaidi ya hayo.

Nisiwapotoshe, lakini. Mtu akisikia habari hii anaweza kudhani ninamuaga mwalimu mwoga aliyekalia kabati. Sikilizeni jinsi alivyofundisha.

Siku moja nilikuwa nafundisha kujumlisha sehemu. Nikauliza: theluthi jumlisha robo ni ngapi? Rudayna akajibu haraka, kama kawaida yake, mbili juu ya saba. Moja na moja mbili, tatu na nne saba. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nikachora miduara ubaoni, nikaigawa, na kadiri nilivyochora ndivyo darasa lilivyozidi kunitazama kwa huruma. Mlango ulikuwa wazi. Abla Inshirah alikuwa anapita na birika la chai. Akasimama kizingitini, hata hakuingia.

"Rudayna, baba yako akinunua theluthi ya fadani ya shamba kwa ami yako, na robo ya fadani kwa jirani, amepata kirati ngapi?"

"Nane na sita, Abla. Kumi na nne."

"Na fadani nzima ni kirati ngapi?"

"Ishirini na nne. Kwani mimi mgeni hapa?"

"Basi andika, mwenyeji."

Rudayna akaandika kumi na nne juu ya ishirini na nne, akarudi nyuma hatua, akaitazama.

"Na ile mbili juu ya saba uliyomwambia mwalimu wako?" Abla akauliza.

"Ile ni hesabu ya dalali, Abla."

Darasa likavunjika kwa vicheko, na Abla akaenda zake na birika lake kabla chai haijapoa. Nami nilibaki na chaki mkononi, najiuliza nilikuwa wapi siku zote. Nimezaliwa hapa. Nyumbani kwetu kirati zinatajwa kila siku, kwenye mavuno, kwenye ugomvi, kwenye posa. Nilisoma sehemu mpaka chuo kikuu bila hata mara moja kuona kwamba theluthi na robo zinakutana kwenye ardhi ya babu yangu. Yale ndiyo mafunzo bora niliyowahi kupata, na yalichukua muda wa chai kupoa.

Ndivyo alivyokuwa. Alifundisha kwa vitu ambavyo hakuna aliyevitilia sahihi: vifungo vya nguo, vizibo vya chupa, mikate aliyoinunua kwa pesa yake njiani na ambayo baada ya somo la duara ililiwa na duara lenyewe la wasichana. Akifungasha mashina ya mlenda kumi kumi kwa uzi, msichana aliyeshindwa kukopa katika kutoa aliona kwa macho yake fungu likifunguliwa. Nani kati ya wazazi waliopo hapa hakufundishwa na mkono huu? Inueni mikono. Haya, angalieni nyuma yenu. Abla, geuka kidogo utazame.

Lakini vifungo na kirati vina mwisho wao. Havimfundishi mtoto namba isiyojulikana. Kila mwaka, tukifika kwenye aljebra, nuru inazimika usoni mwa nusu ya darasa. Wenye uwezo wanapelekwa kwenye masomo ya jioni ya kulipia. Ustadhi Masʻad, acha kukohoa, mwalimu mwenzangu, sijakutaja. Wasio na uwezo wananyamaza, na ukimya wao tunauita uvivu. Wakati huo wa mwaka ndipo nilipokuwa namwona Abla Inshirah akisimama mbele ya kabati. Mkono unakwenda kwenye kufuli, unakaa pale, kisha unarudi na chaki. Sikuwahi kumsemesha wakati huo. Nilijua kinachohitajika kimo ndani, naye alijua, na katikati yetu palikuwa na kufuli dogo la shaba.

Wiki iliyopita kamati ya makabidhiano ilikuja. Kila kitu kilitolewa, kikatazamwa, kikawekwa. Hakuna kilichopungua wala kilichokwaruzika. Wajumbe wakampa mkono, wakamwambia kwamba hawajapata kuona dhamana safi kama hii katika wilaya nzima. Akawashukuru, akawamiminia chai. Walipotoka, tukabaki sisi wawili na vile vitu vyote juu ya meza, vinang'aa. Akachukua kipimapembe kimoja, akakigeuza.

"Vyote vizima, Shuruq," akasema.

"Hongera, Abla."

"Usinipe hongera. Ningependa niwaachie vimechakaa."

Hakulia. Nasema hivyo kwa sababu baadhi yenu mmesikia kwamba alilia. Alikaa tu, ameshika kile kipimapembe, na alionekana kama mtu aliyetunza chakula cha wageni mpaka wageni wakapita.

Sasa, kanuni inasema mwenye dhamana hawezi kuondoka mpaka apatikane wa kuipokea. Asipopatikana, yeye anazungushwa na makaratasi, na vifaa vinarudishwa bohari la wilaya. Mwalimu Mkuu akatuita, akauliza nani atatia sahihi. Wenzangu wakainamia madaftari na mlenda. Nilipoinua mkono, Ustadhi Masʻad ndiye aliyeanza.

"Shuruq, bado hujaolewa, unakwenda kuolewa na kabati?"

"Kabati angalau ninajua jioni litakuwa wapi," nikamjibu.

"Litakuwa nyuma ya mlango, na wewe utakuwa idara ya sheria," akasema. Kisha akaacha mzaha, akainama karibu. "Dada yangu, nakwambia kwa mapenzi. Kama huna budi, saini. Lakini funga. Mkataba wako haujathibitishwa. Funga, na ufunguo uusahau."

Nyumbani mama yangu alisema hayo hayo kwa ukali zaidi. "Nimekusomesha uwe mwalimu," akasema, "sikukusomesha uwe mlinzi wa ghala. Na kama ni mlinzi, basi uwe mlinzi hasa!"

Niliwasikiliza wote wawili. Mimi si jasiri. Wanaonijua wanajua kwamba nikiitwa ofisini kwa jambo la kawaida tu humwomba mwenzangu anisindikize. Nimewaza sana kuhusu Abla Afaf. Nimejiuliza: je, nikihamishwa, nikanyimwa mkataba, wasichana watafaidika nini na mwalimu aliyeondoka? Swali hilo ni la haki, na kwa miaka mingi ndilo lililofunga kabati. Lakini lina mwenzake: wamefaidika nini na vifaa vilivyobaki?

Mheshimiwa Mkurugenzi, sina ombi la kuletewa zaidi. Ninajua wengine wangeomba kompyuta. Mimi ninaomba mambo mawili, na yote hayana gharama. La kwanza, mafunzo yetu yafanyike humu shuleni, meza moja, mwalimu na mwalimu mwenzake, kifaa kikiwa mkononi. Mwenye kujua amwonyeshe asiyejua, hata kama anayejua amesimama mlangoni na birika. La pili, Ustadhi Shawqi akija tena na mkoba wake asiulize kwanza kama vifaa vyote vipo. Aulize nani amevishika, na amejifunza nini. Chaki inakwisha kila siku na hakuna aliyehojiwa kwa chaki iliyokwisha, kwa kuwa tulikubaliana tangu zamani kwamba chaki imeumbwa ili iishe. Kwa nini tusikubaliane hivyo juu ya mchemraba wa mbao?

Abla Inshirah, ngao ya heshima utapewa na Mheshimiwa baada yangu, na keki ya basbusa ya Hajati Thurayya inatungoja sote. Mimi sina cha kukupa ila ushuhuda. Ulinifundisha kazi hii ukiwa umefungwa mkono mmoja. Nawashukuru nyote kwa uvumilivu wenu, hasa nyinyi wa juani, na kabla sijashuka nitoe taarifa, kwa sababu ni afadhali Mheshimiwa aisikie kwangu kuliko aisikie njiani.

Nilitia sahihi Jumapili. Siku hiyo hiyo niliandika kuomba vifaa vya hisabati vihesabiwe kuwa vitu vya matumizi, kama chaki. Jibu bado halijaja, nami sikulingoja. Kabati ni tupu. Vyote vimo madarasani, juu ya madawati, na tangu Jumatatu wasichana wa darasa la pili wanapanga mistatili ya aljebra kwa mikono yao. Juzi Rudayna alinijia na nusu mbili za kijiti kirefu, amezibeba viganjani, uso umemshuka.

"Abla, nimevunja namba isiyojulikana."

"Sasa ni ngapi?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Nusu yake, na nusu yake. Ukiziunganisha, ni ile ile."

Nikamwambia akawaeleze wenzake. Kisha nikaketi nikaandika taarifa ya kuvunjika: kimevunjika darasani, mikononi mwa mwanafunzi, wakati wa somo, kwa ruhusa yangu. Iko mezani kwako tangu jana asubuhi, Mheshimiwa, na jina lililo chini yake ni langu.